Karibuni, kwa unene na wembamba

Msimu wa harusi ukianza, meza yangu hapa Mji wa Kale, Mombasa, hujaa kadi. Karibu kila mteja hunionyesha kwenye simu mwandiko uleule: herufi zilizolala kidogo, mstari mmoja mnene mweusi, wa pili mwembamba kama unywele. "Niandikie kama hivi." Naipenda aina hii ya herufi, italiki yenye unene na wembamba, kuliko nyingine zote, na ndiyo maana huniuma nikiikuta imewekwa pasipo pake.

Anayetaka kuielewa amtazame mpaka hina. Akiibinya koni, mstari hutoka mnene; akilegeza, huchongoka mpaka ukaishia kwenye ncha ya kidole cha bibi harusi. Kalamu ya chuma yenye ncha kali nayo ni hivyo hivyo. Ukikandamiza unaposhuka ncha hupanuka, ukipanda hujifunga. Mwishoni mwa karne ya 18 wachonga herufi wa Ulaya waliuchukua mwandiko huo wakaufikisha ukomo wake. Giambattista Bodoni kule Parma, Italia, na Firmin Didot kule Paris walichonga herufi zisizo na unene wa kati: nene kabisa, kisha ghafla nyembamba kabisa. Kulaza herufi kwenyewe ni jambo la kale zaidi. Mchapaji Aldus Manutius alichapa kitabu kizima kwa italiki Venice mwaka 1501, lakini za kwake zilikuwa herufi ndogo za kusomwa ukurasa baada ya ukurasa. Hizi za kwetu ni za kutazamwa.

Na italiki ya kweli haitoki kwenye kitufe cha kulaza maandishi. Kitufe kile huisukuma tu herufi ya wima upande. Tazama a. Ya wima ina kikofia juu na tumbo chini. Ya italiki ni duara moja lenye mkia, vile tuiandikavyo kwa mkono. Nayo f mara nyingi huteremka chini ya mstari. Kwetu a ndiyo ya kuangaliwa kwanza, kwa sababu Kiswahili huitumia kuliko herufi nyingine yoyote. Neno "tunawakaribisha" peke yake lina nne. Basi kabla sijaichagua fonti huliandika neno hilo, kubwa, upana wa ukurasa, nikazitazama zile a nne. Zikiwa na tumbo lililojaa na mkia unaoishika herufi inayofuata, neno zima hutembea. Zikiwa zimebanwa, neno hukwama mara nne. Playfair Display, ambayo Claus Eggers Sørensen aliitoa mwaka 2011 na mtu yeyote anaipata bure, italiki yake hupita mtihani huu vizuri sana. K yake na w yake nazo zinanipendeza, na hizo pia twazitumia sana.

Ila herufi hii yataka ukubwa. Miaka ya nyuma nilipanga kadi 300 za nikahi, maandishi meupe juu ya damu ya mzee, italiki hiyo kila mahali, hadi saa na maelekezo ya ukumbi, kwa ukubwa wa pointi 9 tu. Kwenye skrini zilikuwa nzuri ajabu. Lakini maandishi meupe ndani ya rangi ni karatasi iliyoachwa tupu, na wino hutanuka kidogo ukigusa karatasi isiyo na ung'aro. Ulitanuka pande zote mbili, ule wembamba ukafungwa. Shangazi yake bwana harusi aliishika kadi mbali, akaisogeza karibu, akaipeleka dirishani.

"Mwanangu, nikahi ni saa ngapi? Hapa mimi naona vijiti tu."

Nilizichapa upya kwa pesa zangu. Kosa lilikuwa langu, si la wino.

Kwenye vioo vya maduka ni hivyo hivyo. Fundi akiibandua vinaili, ile plastiki ya kubandika, iliyokatwa na mashine ya plota, vistari vyembamba hung'oka nayo. Vikisalimika, jua na hewa ya chumvi huvimalizia, na jina la duka hubaki nguzo nene zisizoshikana. Kibao cha zahanati, nambari ya simu, njia ya matatu: hapo nipe herufi wima, nene, wazi. Waliobuni kanga walilijua hilo zamani. Pita Barabara ya Biashara uone: jina la kanga ni kapitali kubwa zilizonyooka, kwa sababu lazima lisomwe na aliye nyuma huku mwenyewe akienda zake.

Mahali pake ni neno moja, mawili, yakizidi sana matatu, yenye nafasi tupu pande zote. Jalada la diwani ya mashairi. Chupa ya marashi. Kifuniko cha boksi la halua. Saluni yenye kioo kipana, jina likipakwa kwa brashi na fundi mwenye mkono mtulivu. Na isiandikwe kapitali tupu. Uzuri wake uko kwenye mikia na mizunguko ya herufi ndogo.

Juzi nimemaliza kadi nyingine. "Karibuni" peke yake juu, pointi 72, wino mweusi kwenye karatasi ya rangi ya maziwa. Chini yake, kwa herufi za wima zisizo na mapambo: Ijumaa, baada ya sala ya Alasiri, saa 10 na nusu. Kabla ya kuipeleka kuchapwa nilimpa mama mkwe wa bibi harusi aisome bila miwani. Alianza na saa.