Mkasi wa vinasaba na tone la damu la kisigino

Usiku ambao mifupa ilimshika mdogo wangu, mama alichemsha maji, akachovya taulo, akamkanda miguu mpaka alfajiri. Kwa miaka tuliamini ni baridi. Alipopimwa damu hatimaye, alikuwa na miaka sita. Selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi.

Ndiyo maana habari ya Novemba 2023 niliisoma mara tatu. Uingereza iliidhinisha Casgevy, tiba ya selimundu na ya kwanza kuidhinishwa iliyotengenezwa kwa CRISPR, ule mkasi wa vinasaba uliowapa Jennifer Doudna na Emmanuelle Charpentier Tuzo ya Nobel mwaka 2020. Marekani ikafuata Desemba. Madaktari huchukua seli shina za damu za mgonjwa mwenyewe, yaani zile zinazozaa chembe za damu, hukata vinasaba vyake pale panapozuia himoglobini (protini ya damu inayobeba oksijeni) ile aliyokuwa nayo tumboni mwa mama, kisha huzirudisha mwilini. Himoglobini hiyo ikirejea, chembe nyekundu hazijipindi tena kama mundu. Nililia, na sioni haya kusema.

Kisha nikaona bei ya Marekani: dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Tena kabla ya seli kurudishwa hupewa dawa kali ya kuua uboho wake wa zamani, akalazwa wiki kadhaa. Hata tiba ingetolewa bure, ni hospitali ngapi kwetu zenye wodi ya kumhudumia?

Linaniuma zaidi kwa sababu elimu ya ugonjwa huu ilichotwa kwenye damu yetu. Daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha mwaka 1954, kwa damu za watu wa Afrika Mashariki, kwamba aliyerithi kinasaba kimoja cha selimundu hupata kinga dhidi ya malaria kali. Anayerithi viwili, kwa baba na kwa mama, ndiye anayeumwa.

Sasa watafiti wanatafuta namna ya kurekebisha vinasaba kwa sindano, seli zikiwa humohumo mwilini, bila kuua uboho. Hiyo ndiyo ninayoisubiri, na naamini wanangu wataiona. Lakini itamkuta nani, ikiwa mtoto wa Sengerema au Siaya hajawahi kupimwa? Tone la damu la kisigino, siku chache baada ya kuzaliwa, linatosha kumtambua. Na vidonge vya haidroksiyurea tayari vipo: utafiti uliofanyika Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda ulionyesha vinapunguza maumivu, malaria, haja ya kuongezewa damu, hata vifo vya watoto. Serikali inayotaka kuijenga kesho ya sayansi ianze na kisigino hicho, katika kila wodi ya wazazi, na ivifikishe vidonge hivyo mpaka zahanati.

Mdogo wangu sasa ana miaka 24. Anameza vidonge vyake kila siku, na vikikosekana hapa kwetu hupanda basi la saa kumi na moja alfajiri kuvifuata mjini.