Madini adimu yana mlango mmoja tu

Mtu wa Unguja hahitaji kuelezwa sana hatari ya kutegemea njia moja. Kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010 kisiwa kizima kilikaa gizani kwa sababu kebo ya baharini inayotuletea umeme iliharibika. Pampu zikasimama, kinamama wakahangaika na ndoo kutwa, samaki wakaoza kwenye mafriji.

Dunia imejiweka hivyo hivyo kwa madini adimu. Ukikaa na fundi simu pale Darajani akifungua simu, utaona skrubu zinarukia spika zenyewe. Sumaku ile ndogo ndani ya spika ina neodimiamu, mojawapo ya madini hayo adimu. Madini hayo hayo yanaendesha mota za magari ya umeme na mitambo ya upepo.

Si kwamba yapo China peke yake. Yapo Marekani, yapo Australia, na yapo kwetu Tanzania. Kazi iko kwenye kuyatenganisha: ni elementi 17 zinazofanana mno kitabia, zinapitishwa kwenye asidi hatua baada ya hatua, na mara nyingi huacha taka yenye mionzi. Wengine waliikimbia kazi hiyo, China ikaing'ang'ania kwa miongo, na leo takriban asilimia 90 ya usafishaji uko mikononi mwake. Siwalaumu, wamevuna walichopanda. Lakini mwaka 2010 walipogombana na Japani kuhusu visiwa, shehena za madini hayo kwenda Japani zikakwama. Aprili 2025, katika vita vya ushuru na Marekani, wakaweka masharti ya vibali vya kuuza nje kwa aina saba za madini hayo, na viwanda kadhaa vya magari vikasimamisha kazi.

Linaloniuma zaidi ni Ngualla, eneo letu lenye madini hayo mkoani Songwe. Mwaka 2023 serikali ilisaini mkataba na kampuni ya Peak ya Australia, ikabakiwa na hisa asilimia 16. Mwaka 2025 Peak ikanunuliwa na Shenghe ya China. Yaani mgodi ambao ungeifungulia dunia njia ya pili nao umeelekezwa kule kule.

Hisa zile si pambo. Serikali iulize, tena hadharani: madini yatasafishwa wapi, vijana wetu watasomeshwa lini kemia hiyo, na mnunuzi mwengine ni nani? Majibu hayo nayataka kabla meli ya kwanza haijapakia.