Ukinunua gari lililotumika, ng'oa nati za loki mapema

Tairi la nyuma kushoto lilipata pancha jioni, kati ya Chalinze na Morogoro, nikiwa na mama na watoto wawili garini. Spea ilikuwa na upepo, jeki nzima, na nati 4 zikalegea bila shida. Ya 5 ilikuwa ya mviringo, haina pembe za kushikwa na spana, na usoni imechongwa mfereji mwembamba uliopindapinda. Ilikuwa nati ya loki. Inafunguliwa na kisoketi chake maalumu chenye mchongo unaolingana na huo, na kisoketi hicho hakikuwemo kwenye buti wala kwenye dashibodi. Mwaka mzima nimeendesha gari lile sikuwahi kukitafuta.

Giza likaingia. Fundi aliyeletwa na bodaboda alikuja na tindo na nyundo. "Bosi, hii tunaigonga tu." Nikakubali, maana mama alikuwa amekaa ukingoni mwa barabara na malori yanapita. Nati ilitoka baada ya saa moja na nusu, ikaacha rimu imechubuka vibaya na uzi wa stadi, ile bolti nati inapofungwa, umeliwa.

Simlaumu fundi yule; alitumia alichokuwa nacho. Lakini tindo iwe njia ya mwisho kabisa. Gereji yenye vifaa ina soketi ya kung'olea, ambayo ndani yake ina meno yaliyojipinda kinyume. Inagongwa juu ya nati hadi ing'ate, kisha inazungushwa kwa mpini mrefu, na kadiri unavyovuta ndivyo meno yanavyozama. Gari liwe limekaa chini, si juu ya jeki. Nati nyingine zikazwe kwanza, ili ile ya loki ipunguziwe mzigo. Hili la kukaza mafundi wengi hulisahau, nalo ndilo linalorahisisha kazi. Zipo loki zenye pete ya nje inayozunguka bure. Hizo soketi haizishiki mpaka pete ivunjwe. Mtu akikwambia achomelee nati nyingine juu yake, mwulize kwanza joto lile litaifanya nini rimu ya aluminiamu.

Loki hizi zilitengenezwa kulinda rimu za bei, kwa kawaida moja kila gurudumu. Kwa aliyenunua gari jipya na kukabidhiwa kisoketi pamoja na namba yake ya kuagizia kingine, sina ugomvi naye. Gari la kwetu limetoka kwa mwenyewe Japani, likapita mnadani, melini, bandarini, yadi. Chuma kidogo kama kile kina nafasi nyingi za kupotea njiani. Na hata kikiwepo, fundi wa tairi akikifungia kwenye mashine ya upepo, mchongo wake unaweza kupasuka siku hiyohiyo. Halafu wezi tunaowalalamikia Dar kila siku ni wa saiti mira na taa! Kwa nini nibebe hatari ya kukwama porini usiku kwa ajili ya rimu ambazo hakuna aliyezitamani?

Kwa hiyo ukiwa bado yadi, kabla hujalipa, omba kisoketi na ufungue loki zote kwa mkono. Kikikosekana, bei ya kuzing'oa ijadiliwe hapo hapo. Unaponunua nati za kawaida, angalia uzi: Toyota nyingi ni milimita 12 kwa 1.5 (unene wa stadi, kisha nafasi kati ya mizunguko ya uzi), Nissan na Subaru nyingi ni 12 kwa 1.25, na ukilazimisha isiyo yake unaua stadi. Angalia na kikalio, sehemu ya nati inayokaa kwenye rimu, kama ni cha koni au bapa, kifanane na tundu la rimu.

Mimi nilibadilisha stadi moja na kung'oa loki 3 zilizobaki. Juzi mama aliniuliza kama nimekagua matairi kabla ya kumpeleka Morogoro. Nilifungua buti nikamwonyesha spana moja, inayofungua nati zote 20.