Nionyesheni Kioo Kilichoshindwa

Kila niendapo kwenye maonyesho ya biashara ya vioo vya majengo, hubeba mkobani kipande kimoja kibovu. Ni kona ya dirisha la vioo viwili, ukubwa wa kiganja, niliyoiokota siku tulipoling'oa dirisha lenyewe. Nimeizungushia utepe isije ikanikata. Ukiitazama kwenye mwanga utaona ukungu mweupe uliogandia kwa ndani, mahali ambapo kitambaa hakifiki, na ule mstari mweusi wa biutili wa kuzibia pembeni umeteremka kama wanja uliochuruzika. Dirisha hilo nililifunga mimi. Lilidumu miaka minne, kisha wenye nyumba wakaanza kutazama nje kama watu wenye mtoto wa jicho.

Sababu ya kuibeba nitaieleza. Kwanza nikwambie kuhusu ukumbi.

Maonyesho ya namna hii yanajua kukuroga. Yale ya Düsseldorf, Ujerumani, yanayoitwa glasstec, yalianza mwaka 1970 na huja kila baada ya miaka miwili, na mengine mengi duniani yanafuata mtindo uleule. Unaingia unakuta roboti lenye vikombe vya kunyonya likiinua kioo cha mita 6 kwa 3.21 kama mtu anayeinua shuka la kitandani. Kioo hicho kikiwa na unene wa milimita 10 kina uzito wa karibu kilo 480. Pembeni yake kuna meza ya kukatia inayopanga yenyewe vipande ili mabaki yawe machache. Mbele zaidi kuna kioo kinachotiwa giza kwa umeme, na kingine chenye ombwe kati ya kurasa zake mbili, pengo la takriban sehemu mbili za kumi za milimita, likishikiliwa na nguzo ndogo kama punje za chumvi ili mgandamizo wa hewa, ambao ni kama tani 10 kwa kila mita ya mraba, usizigandanishe. Hicho cha ombwe nakiri kilinisimamisha. Nilikaa hapo mpaka mwenye banda akaanza kuniangalia vibaya.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwenye ukumbi wa maonyesho methali hiyo haifanyi kazi, maana kizuri na kibaya vyote vinatembezwa, tena vikiwa vimepigwa msasa, vimefutwa alama za vidole na kuwekewa taa zilizochaguliwa kwa makini. Taa hizo usizidharau. Kioo kilichopita kwenye tanuri la rola hubaki na mawimbi mepesi, na mwanga wa jua ukijia upande fulani hutoa madoa madoa kama ya chui. Ukitaka kuyaona, vaa miwani ya jua yenye lenzi za polaroidi. Mimi huivaa ndani ya ukumbi na kuonekana mjinga, lakini tayari nimeshaona mengi kwa ujinga huo.

Utaniambia kwamba mbona wanavunja vioo mbele za watu? Kweli, wanavunja. Karibu kila maonyesho yana pembe ambapo kijana mwenye miwani ya kinga anapiga kioo cha matabaka kwa nyundo au kuangusha mpira wa chuma, kioo kinapasuka kama utando wa buibui, hakianguki, watu wanapiga makofi. Na ni jambo la kupigiwa makofi. Utando wa plastiki ulio katikati ya vioo hivyo, wazo lililopewa hataza na Mfaransa Édouard Bénédictus mwaka 1909, umeokoa nyuso za watu wengi mno. Ila kioo kinachovunjwa pale ni kioo kilichokubali kuvunjika. Kinavunjika saa iliyopangwa, mahali palipopangwa, kwa namna iliyoandikwa kwenye kipeperushi. Mimi nataka kuona kile kilichovunjika bila kuombwa.

Chukua kioo cha tempa, ambacho fundi yeyote wa milango na roshani anakijua. Hupashwa moto mpaka kupita nyuzi 600, kisha hupulizwa hewa kwa nguvu pande zote mbili. Ngozi yake hupoa na kukaza kwanza. Moyo unapopoa baadaye hutaka kunywea, huivuta ngozi, na ngozi inabaki imebanwa. Kubanwa huko ndiko kunakokipa nguvu mara nne hivi ya kioo cha kawaida, na ndiko kunakokifanya kisambaratike punje punje badala ya kutoa mapande kama visu. Mpaka hapo ni hadithi tamu na kila banda linaisimulia.

Sehemu isiyosimuliwa ni kwamba ndani ya kioo huweza kujificha chembe ya nikeli salfaidi, mara nyingi ndogo kuliko nusu milimita. Chembe hiyo ina maumbo mawili, la moto na la baridi. Kioo kinapopozwa ghafla, chembe haipati nafasi ya kubadilika, inanaswa katika umbo la moto. Baadaye, kwa miezi au kwa miaka, inarudi taratibu kwenye umbo lake la baridi, ambalo ni kubwa zaidi kwa asilimia chache. Ikiwa imekaa moyoni, penye mvutano, kuna siku kioo kitapasuka chenyewe. Hakuna jiwe, hakuna upepo, hakuna mtoto wa jirani mwenye mpira. Na lawama zote zitamwangukia fundi, kwa sababu yeye ndiye aliyekigusa wa mwisho. Ukibahatika kukuta vipande bado vimesimama kwenye fremu, tafuta kitovu cha mpasuko: utaona vipande viwili vikubwa kidogo vimepakana kama mbawa za kipepeo. Kipepeo huyo ndiye shahidi wako. Nimewajua mafundi waliolipa kioo kizima kutoka mifukoni mwao kwa kutomjua.

Kinga ipo. Vioo hupashwa tena hadi karibu nyuzi 260 na kuachwa humo kwa saa kadhaa, ili vyenye ugonjwa vipasukie kiwandani. Haimalizi hatari, huipunguza sana. Katika maonyesho yote niliyohudhuria sijawahi kuona banda lililoweka kipepeo mezani na kusema: hiki kilitoka kwetu, na hivi ndivyo tulivyobadilisha kazi yetu baada yake.

Wanaogopa, na woga huo una historia. Mwaka 1973, jengo la John Hancock huko Boston, Marekani, likiwa bado linajengwa, lilianza kuangusha vioo. Kila kimoja kilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo 200. Palipobaki wazi pakazibwa kwa mbao za plaiwudi, eneo likawa kubwa kiasi kwamba watu walilitania jengo kuwa kasri la plaiwudi. Hatimaye vioo vyote 10,344 viling'olewa na kubadilishwa. Kosa halikuwa upepo, ingawa upepo ndio uliotuhumiwa kwanza. Lilikuwa pembeni, kwenye ukingo wa dirisha la vioo viwili: kiungio cha risasi (madini yenyewe, si ya bunduki) kilishika vizuri kupita kiasi. Kioo kinatanuka na kunywea kila siku kwa joto na baridi, kiungio hakikubali kulegea hata kidogo, uchovu unahamia kwenye kioo chenyewe. Kiungio kingekuwa dhaifu kidogo, kioo kingepona.

Somo la namna hiyo lingepaswa kusomwa na kila anayeziba dirisha. Lakini wahusika walimaliza ugomvi wao kwa makubaliano ya kisheria yaliyowafunga midomo, na miaka mingi ikapita kabla umma haujaelezwa kisa chenyewe. Hebu fikiria ni madirisha mangapi yalizibwa katika miaka hiyo na watu ambao hawakuambiwa.

Cha ajabu ni kwamba sekta hii yenyewe ilizaliwa kwa kushindwa. Alastair Pilkington na wenzake, huko St Helens, Uingereza, walitangaza mwaka 1959 njia ya kumwaga kioo kilichoyeyuka juu ya bati lililoyeyuka (bati la asili, madini yenyewe, si lile la kuezekea) kikaelea na kutandaa chenyewe hadi kuwa sawa. Leo karibu kila dirisha unalolitazama limepita kwenye bati hilo. Kabla ya tangazo, mtambo wao mkubwa ulitoa kwa miezi 14 mfululizo vioo ambavyo havikuuzika. Miezi 14 ya kutengeneza na kuvunja. Ningelipa kiingilio mara mbili kuona kipande kimoja tu kati ya vile, kikiwa na mapovu yake.

Hata maonyesho yenyewe yana deni kwa kioo. Yale makubwa ya London ya 1851 yalifanyika ndani ya jumba la Joseph Paxton, ambaye kazi yake ilikuwa bustani, jumba lililokuwa na vioo takriban laki tatu, vyote vimepulizwa kwa mdomo na kampuni ya Chance. Mafundi walivifunga wakiwa wameketi kwenye vigari vinavyotembea ndani ya mifereji ya paa, na kazi ikaenda kwa kasi ambayo hata leo ingetutoa jasho. Watu milioni sita waliingia.

Na kwa kuwa nimegusa majumba ya maonyesho, kuna kisa kingine kinachonisumbua zaidi ya hivyo vyote. Usiku mmoja wa Oktoba 2023, ndege wapatao elfu moja waliokuwa safarini kuelekea kusini walijigonga na kufa kwenye kuta za vioo za McCormick Place, Chicago. Hilo ni jumba la maonyesho ya biashara. Taa zilikuwa zinawaka, kioo kilikuwa safi, na usafi ndio uliowaua, kwa maana ndege haoni kioo, anaona anga lililo upande wa pili. Mwaka uliofuata vioo vile vilibandikwa utando wenye nukta ndogo ndogo zilizopangwa kwa karibu, na vifo vikapungua sana. Nukta tu! Dawa hiyo ilijulikana miaka mingi kabla. Siku hizi vioo vya nukta vinaonyeshwa mabandani, mara nyingi kwenye kona ya nyuma, chini ya bango lenye picha ya ndege mwenye furaha. Ningependa bango liseme elfu moja, usiku mmoja.

Najua pingamizi. Banda linalipiwa fedha nyingi kwa mita, mwenye kampuni hakuja kutangaza aibu yake, na mshindani wake yuko hatua tatu kutoka hapo akiwa na simu ya kupiga picha. Mwanasheria naye hulala akiota mambo haya. Sawa. Basi wenye kuandaa maonyesho ndio wabebe jukumu: watenge ukumbi mmoja, vioo vilivyoshindwa viletwe bila majina, kila kimoja na karatasi ya nusu ukurasa inayosema kilifungwa vipi, kilidumu muda gani, nini kilikiua. Kiswahili hakijali kama kioo ni cha dirisha au cha kujitazamia, jina ni hilohilo. Sekta nzima hukusanyika kutazama kioo, ikajiona mavazi tu.

Jambo jingine la haraka, kisha nirudi kwenye kona yangu. Jioni ya siku ya mwisho usiondoke mapema. Kaa uone mabanda yakivunjwa. Vioo vingi vya maonyesho vina matabaka ya plastiki, rangi au fedha, na tanuri la vioo vya majengo linachagua sana mabaki linayokubali, kwa hiyo kipande kilichopigiwa makofi asubuhi kinaweza kuishia kwenye pipa la kifusi jioni. Ukiuliza kinakwenda wapi, watu hutazamana.

Sasa, kona. Huitoa mkobani na kuiweka kwenye kaunta za wanaouza vifaa vya kuzibia, kisha nauliza swali moja: ndugu yangu, hii ilikosea wapi? Wengi hunipa kipeperushi. Mmoja aliirudisha kwangu kwa vidole viwili kama anayeshika mkia wa panya. Mwingine alisema kwa hakika kabisa kwamba bidhaa yao haiwezi kufanya hivyo, naye alikuwa hajaigeuza upande wa pili.

Mara ya mwisho nilimkuta mzee mmoja kwenye banda dogo, amevaa koti la kazi lenye doa la silikoni mkononi. Hakusema kitu. Alitoa tochi, akaimulika kona kwa mshazari, akakwangua ukingo kwa ukucha. "Hapa hamkuiondoa fedha," akasema. Alikuwa na maana ya lile tabaka jembamba la fedha la kuzuia joto, ambalo lazima likwanguliwe kabisa pembeni kabla ya kuziba, la sivyo unyevu hulitafuna na kuingia kwa kulifuata. Ni kweli hatukuliondoa lote. Siku hiyo tulikuwa na haraka. Nikamwuliza amejuaje upesi hivyo. Akainama chini ya kaunta, akatoa kisanduku cha kadibodi kilichochakaa, akakifungua. Kilikuwa kimejaa kona kama yangu, kila moja na tarehe iliyoandikwa kwa kalamu ya wino mzito.

"Hizi ni zetu," akasema. "Meneja hataki ziwe juu."