Hedhi inapokoma, somo yuko wapi?

Naishi Leicester, na hapa Uingereza habari za kukoma hedhi zinazungumzwa bila kificho kazini, kwenye televisheni, mpaka kwenye foleni ya duka la dawa. Tangu 2023 kuna hata cheti maalumu: mwanamke analipa mara moja, anachukua dawa zake za homoni za kupunguza dalili mwaka mzima. Kwetu Tanga mwari hufundwa na somo wake akivunja ungo, na hufundwa tena anapoolewa. Hedhi ikikoma, hakuna wa kumwita chemba. Anaamka usiku shuka imelowa jasho, moyo unamwenda mbio. Asubuhi anapimwa malaria, anapimwa presha, anaambiwa hana kitu, anarudi nyumbani na hofu yake.

Mimi homoni situmii kwa kuwa nilitibiwa saratani ya matiti, na kwa wenzangu wa aina hii madaktari kwa kawaida hawaziandiki. Ambaye afya yake inamruhusu, atumie, sina neno. Ila mimi ilibidi nitafute njia nyingine, na iliyonifaa zaidi ni tiba ya mazungumzo. Mtaalamu alinifundisha kulitambua fukuto likianza kupanda kifuani, nilegeze mabega, nivute pumzi taratibu mpaka tumboni na kuishusha taratibu vilevile, huku nikilikataa lile wazo kwamba kila mtu ananitazama. Fukuto bado linakuja, lakini halinitoi tena kwenye kikao. Tiba hii imo katika mwongozo wa NICE, taasisi ya hapa inayotoa miongozo ya tiba, unaofuatwa na madaktari, na natamani ifike mpaka kwenye zahanati zetu. Haihitaji mashine yoyote, inahitaji mtu aliyefunzwa.

Kinachoniudhi huku ni vidonge vinavyouzwa kwa jina la "asilia": soya, na mimea ya huku iitwayo red clover na black cohosh. Mwongozo wa NICE wa saratani ya matiti unakataza kuwapa waliotibiwa saratani ya matiti vidonge hivyo, na black cohosh imehusishwa na madhara ya ini. Halafu tunavijaza masandukuni kuwapelekea mama zetu zawadi! Uwatu wa sokoni nao ni hivyohivyo. Kuota shambani hakuufanyi usiwe na nguvu mwilini, kwa hiyo mwenye ugonjwa au anayetumia dawa nyingine amuulize daktari kwanza.

Tena mama zetu wana vitu bora kuliko vidonge hivyo. Hedhi inapokoma, estrojeni, ambayo ni homoni ya kike, hushuka na mifupa hudhoofika haraka, na dagaa anayeliwa mzima na miba yake ana kalisi nyingi. Kuna mtindi, kuna ufuta, kuna kutembea kwenda sokoni na kurudi na kapu. Jua nalo, linaloupa mwili vitamini D, halinunuliwi. Huku kuanzia Oktoba hadi Machi halitoshi, tunashauriwa mikrogramu 10 za vitamini D kwa siku, na sisi wenye ngozi nyeusi tufikirie kuzitumia mwaka mzima. (Hata Tanga, anayeshinda ndani na akitoka amejitanda buibui, naye asijisahau.) Usiku kanga ya pamba inashinda nguo yoyote ya kulalia niliyowahi kununua huku, na kahawa ya jioni niliiacha kwa sababu ilikuwa inaniamsha na jasho.

Kwa hiyo nawaomba masomo na makungwi wetu waongeze funzo la tatu. Wawaambie kina mama kwamba ukavu ukeni ni jambo la kawaida, una vilainishi vyake, na si dalili kwamba mume hapendwi. Wakemee sabuni za manukato na dawa za kubana, kwa sababu sehemu hizo zimekuwa laini na huchubuka upesi. Na wasisitize hili: hedhi ikishakoma kwa miezi 12, damu ikitoka tena, hata tone moja, mwanamke aende hospitali wiki hiyohiyo, asingoje kuona kama itarudi.