Jamani, Jonathan ni kobe, si kasa

Naanza na sahihisho, maana swahiba wangu ameshaisambaza ile video na maneno yake ya uzushi juu yake: "Kasa wa ofisi akiitafuta bahari." Kwanza, sikuwa naitafuta bahari. Nilikuwa natafuta namna ya kusimama. Pili, mnyama anayemkusudia ni Jonathan, na Jonathan ni kobe. Kobe ni wa nchi kavu, kasa ndiye wa baharini. Mtu nimemlisha maarifa kila asubuhi mwaka mzima, halafu akija kunidhalilisha ananidhalilisha kwa mnyama siye!

Mlio kwenye grupu la ofisi mnanijua. Mimi ndiye yule wa "Je, wajua?" saa 12 na nusu asubuhi, kabla hamjapiga mswaki. Tangu nilipotimiza miaka 50 mada zangu zote zimekuwa za uzee, sijui kwa nini. (Najua kwa nini.) Niliwaletea habari ya daktari wa Uingereza, James Heathcote, aliyepima masikio ya watu 206 na mwaka 1995 akatangaza kwamba sikio la mtu mzima hurefuka kwa wastani wa milimita 0.22 kila mwaka. Nikapiga hesabu yangu: kutoka miaka 30 hadi 54 nilionao sasa, nimeongezewa zaidi ya milimita 5 za sikio ambazo sikuziomba, na bado mke wangu anasema simsikii.

Na asubuhi ya siku yenyewe, kwa bahati mbaya kabisa, niliwatumia habari za Jonathan. Huyu aliletwa kisiwani Saint Helena mwaka 1882 akiwa tayari kobe mzima, na inakadiriwa aliangua kwenye yai mwaka 1832 hivi. Haoni tena kwa sababu ya mtoto wa jicho, na pua yake imeacha kunusa, ila masikio bado yako kazini. Nilimalizia kwa kuandika, "Huyu ndiye mfano wangu wa kuigwa." Ninyi endeleeni tu, mtaona kauli ile ilikonifikisha.

Mchana tulikuwa tunamuaga Mama, mwenzetu aliyetimiza miaka 60 na anastaafu. Mimi nikapewa dakika 3 za kuzungumza. Nikawasimulia Jeanne Calment wa Ufaransa, ambaye mwaka 1965, akiwa na miaka 90, alikubaliana na mwanasheria mmoja wa miaka 47: mwanasheria amlipe fedha kila mwezi, na bibi akifa nyumba iwe yake. Hesabu nzuri, si ndiyo? Bibi akagoma kufa. Mwanasheria alilipa miaka 30, akafa yeye mwaka 1995, na mjane wake akaendelea kulipa. Bibi aliondoka mwaka 1997 akiwa na miaka 122. "Mama," nikasema, "akija mwanasheria mkubalie!"

Ukumbi ulilipuka. Bosi alifuta machozi. Hapo ndipo ningekaa. Dakika zangu 3 zilikuwa zimeisha, kiti changu kilikuwa nyuma yangu, na heshima yangu ilikuwa nzima. Lakini kicheko cha watu ni kileo, na mimi nilikuwa nimekunywa chupa nzima.

"Na sasa," nikasema (kwenye video sauti hii inasikika vizuri sana, ya mtu asiyejua kinachomngoja), "niwaonyeshe kipimo."

Kipimo chenyewe kipo, sikukitunga. Watafiti wa Brazili walikitumia kwa watu 2,002 wa miaka 51 hadi 80, wakachapisha mwaka 2012. Unasimama pekupeku, unashuka hadi kukaa sakafuni, kisha unainuka. Kukaa kuna alama 5, kuinuka alama 5. Kila ukijishikiza kwa mkono au goti, moja inatoka. Ukiyumba, nusu inatoka. Wenye alama 0 hadi 3 walionekana kuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa katika miaka iliyofuata kuliko wenye 8 hadi 10. Nikayaeleza haya yote kwa madaha, nikamalizia: "Mimi napata 10. Tazameni."

Nikavua viatu. Soksi sikuvua. Pekupeku ni pekupeku, nilijua, lakini kulikuwa na suala la kidole gumba cha kushoto ambalo halikuhitaji hadhira. Kumbukeni basi: soksi, juu ya vigae.

Nikakunja miguu kama mkasi, nikanyoosha mikono mbele, nikaanza kushuka. Nusu ya kwanza ya safari ilikuwa ya kupendeza, hata swahiba alikiri. Nusu ya pili haikuwa safari. Soksi ya kulia ilihama, mapaja yakajitoa kwenye makubaliano, na mimi nikafika chini kwa kishindo kilichogonganisha glasi mezani. Mkono mmoja ulitangulia wenyewe kuokoa mwili. Watu wakapiga makofi. Walidhani ndivyo inavyofanywa.

Sasa kuinuka. Nikaegemea mbele, nikakaza tumbo, nikasukuma. Makalio yakaachana na sakafu kwa kimo cha kitambulisho cha kazi, yakarudi. Nikatabasamu. Nikasukuma tena, mara hii na mguno, mguno ambao swahiba ameurudia mara 3 kwenye video yake. Yakarudi. Wahenga walisema mbio za sakafuni huishia ukingoni. Zangu ziliishia hapohapo sakafuni.

Nikaona bora nijibembeze: nirudi nyuma kidogo, nipate kasi, nije mbele na kusimama kama kijana. Kurudi nyuma nilirudi. Kuja mbele ndiko kulikosekana. Nikalala chali, miguu bado imekunjwa ule mkasi, magoti yakitazama dari, na wakati huohuo msuli wa paja la kulia ukanikaza. Aliyewahi kukazwa na msuli anajua: huwezi kunyoosha, huwezi kukunja, huwezi hata kutukana vizuri. Ninachokumbuka ni taa ya darini na nzi mmoja mkavu ndani yake. Nilimwonea wivu.

Ukumbi ukawa kimya. Kisha sauti kutoka nyuma, hadi leo simjui ni nani, ikasema taratibu: "Jonathan kapinduka."

Nyie! Hapo hata bosi alitoka nje.

Mama akainama juu yangu. "Mwanangu, umeumia?" Mwanangu! Ana miaka 60, mimi 54. Nikamjibu kwa sauti ya mhadhiri: "Hapana Mama, naonyesha jinsi watu wanavyofeli." Swahiba wakati huo alikuwa ameshapanda juu ya kiti apate picha vizuri.

Walininyanyua wanaume wawili, mmoja kila kwapa, na kijana wa kompyuta akauliza, kwa nia safi kabisa: "Mzee, kunyanyuliwa na watu wawili wanatoa alama ngapi?" Nikamwambia hilo utafiti haukulifikiria. Basi akakaa kunihesabia. Kuinuka, sifuri. Kukaa, 5 toa 1 ya mkono, toa nusu ya kuyumba: 3 na nusu. Kisha akasema kile kishindo nacho ni kuyumba kwa pili, kwa hiyo 3 kamili. Nikakataa katakata. Wale watafiti kundi lao la chini kabisa linaishia kwenye 3. Kuanzia 3 na nusu unahesabiwa kundi la pili. Niliipigania ile nusu, nikiwa nimekaa kitini na paja limefungwa taulo, kuliko nilivyowahi kupigania nyongeza ya mshahara.

Katikati ya ubishi huo Mama akavua viatu, akashuka sakafuni na sketi yake ndefu, akainuka bila kugusa chochote, huku akimweleza mtu jambo la funguo za kabati. Alipomaliza kusimama sentensi yake ilikuwa haijaisha. Kumi.

(Wewe unayecheka huko, weka simu chini ujaribu. Vua soksi. Na awepo mtu karibu.)

Mengine ni mafupi. Siku 2 nilishuka ngazi kwa ubavu. Mke wangu alikuwa ameshaiona video kabla sijafika nyumbani, tena aliniwekea nami niitazame, akisimamisha kila palipo na mguno. Ofisini jina langu limebadilika, hata mlinzi wa getini ananiita Jonathan, na mimi naitika, kwa kuwa masikio ndiyo yaliyobaki kazini.

Jana usiku nikampigia swahiba. Nikamwambia tumetoka mbali, tafadhali, ile video si ya haki. Akasikiliza kwa utulivu, akasema amenielewa na atalishughulikia usiku uleule.

Asubuhi nimefungua simu. Amefuta neno "kasa", ameandika "kobe". Bahari ameiondoa pia. Na kaiweka upya, hivyo hata wale waliokuwa wameikosa mara ya kwanza sasa wameipata.