Mshauri gani anaomba ruhusa ya kwenda hospitali?

Jumapili mpwa wangu alinitumia picha ya mkataba kwa WhatsApp, na chini yake swali moja: "Mjomba, nisaini?" Ni mkataba wake wa tatu. Kila miezi sita anapewa mpya, na kichwa ni kilekile: Mkataba wa Ushauri Elekezi. Malipo ni shilingi 600,000 kwa mwezi, kabla ya kukatwa kodi ya zuio ya 5%. Ana shahada ya takwimu na mwaka mzima ndani ya kampuni ya ushauri hapa Dar. Mwezi uliopita aliugua malaria, wakamkata malipo ya siku mbili.

Nimeusoma mkataba ule mara mbili na hasira haijaisha.

Mshauri ni mtu mwenye kazi yake. Anapanga muda wake, anataja bei yake, akimaliza kwa huyu anahamia kwa yule. Mpwa wangu anasaini daftari la mahudhurio saa mbili asubuhi. Laptopu ni ya kampuni, bosi ndiye anayempangia kazi, na mkataba unamkataza kufanya kazi kwingine. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, kifungu cha 61, inasema wazi: ukifanya kazi chini ya maelekezo ya mtu, au ukipewa vifaa naye, au ukimfanyia kazi kwa wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, unahesabiwa kuwa mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Moja tu kati ya hayo linatosha. Huyu binti saa 45 anazimaliza ndani ya wiki moja.

Kinachowanasa vijana ni hesabu ya mwisho wa mwezi. Kwa ajira ya kawaida, laki sita ingekatwa 60,000 ya NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii), 24,000 ya PAYE (kodi ya mshahara) na 90,000 ya HESLB (bodi ya mikopo ya wanafunzi), abaki na 426,000. Kwa mkataba huu anaondoka na 570,000. Ukiwa na miaka 24 na madeni ya nauli, utachagua ipi? Lakini mwajiri naye angemchangia NSSF 60,000 kila mwezi. Kwa mwaka, michango ya pande zote mbili ni 1,440,000, na leo kwenye akaunti yake hakuna hata shilingi. Deni la bodi ya mikopo liko palepale. Likizo ya siku 28 hana. Akianguka na bodaboda akiwa fildi, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi haumjui.

Najua kampuni hizi nazo zinabanwa, mteja anaweza kukaa na ankara miezi mitano. Hilo nalikubali. Ila anayebeba mzigo wa mteja kuchelewa asiwe yule anayelipwa kidogo kuliko wote.

Halafu kuna kazi yenyewe. Mimi nilianzia ofisi ya namna hiyohiyo. Miezi minane nilivaa spika za masikioni nikiandika mahojiano neno kwa neno. Kuna sauti moja kutoka Kilosa sijaisahau: mama mmoja anaeleza anavyoamka saa tisa usiku kuwahi zamu ya maji mferejini, kwa sababu mchana wenye mashamba ya juu wanafunga lango. Anasimulia akimbembeleza mtoto, jogoo anawika nyuma yake. Niliandika kurasa kumi na moja. Ripoti ilipotoka, mama yule alikuwa sentensi moja: "Wadau walitaja changamoto za maji." Niliomba niongeze aya mbili tu kuhusu lile lango. Nikaambiwa nimalizie majedwali. Kikao cha kujadili matokeo sikuitwa, wala jina langu halikuwekwa popote.

Kwa hiyo kijana anaitwa mshauri siku ya kusaini, halafu hakuna anayemwomba ushauri. Kama ni mshauri, asikilizwe na alipwe bei ya mshauri. Kama ni mwajiriwa, apewe mkataba wa ajira.

Nilimwambia mpwa wangu asisaini kwanza. Awaandikie barua fupi, aombe mkataba wa ajira, akitaje kifungu cha 61. Wakimfukuza, nitampeleka mwenyewe CMA, tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi.

Alinijibu usiku: "Mjomba, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita tarehe tano."

Jana amesaini.